Kompyuta yako inajua mengi kuliko ulivyofundishwa

Katikati ya miaka ya 1970, kwenye maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, palikuwa na programu ya kuandikia iliyoitwa Bravo. Ilizipita nyingi za wakati wake kwa uwezo, lakini ilikuwa na mtego. Iligawanyika katika hali mbili, hali ya kuandika na hali ya kutoa amri, na kila herufi ilibadilika maana kufuatana na hali uliyomo. Mtu aliyedhani yuko kwenye kuandika, kumbe yuko kwenye amri, akapiga herufi nne za neno la Kiingereza "edit", alipata hasara kubwa: e ilichagua waraka mzima, d ikaufuta, i ikafungua nafasi ya kuandika, na t ikabaki peke yake kwenye skrini. Kazi ya siku nzima ilikuwa imekwisha.

Larry Tesler, mtaalamu wa maabara hiyohiyo, aliona kuwa kosa si la mwandishi bali la programu. Yeye na mwenzake Tim Mott wakatengeneza nyingine, Gypsy, kwa ajili ya wahariri wa Ginn, kampuni ya vitabu vya shule iliyomilikiwa na Xerox. Wahariri wale, aya ikitakiwa kuhama, waliikata karatasi kwa mkasi na kuibandika kwa gundi mahali pengine. Tesler na Mott waliuchukua mwendo huo wa mikono wakauingiza kwenye kompyuta: kata, nakili, bandika. Tesler alihamia Apple, na kompyuta za Lisa ya mwaka 1983 na Macintosh ya mwaka 1984 zikaziweka amri hizo kwenye vitufe vilivyopangana chini kushoto mwa kibodi: Z ya kutengua, X ya kukata, C ya kunakili, V ya kubandika. Tesler alifariki Februari 2020, na vitufe vyake vinafanya kazi leo kwenye karibu kila kompyuta unayoweza kuigusa.

Njia za mkato, basi, hazikutungwa kwa ajili ya mafundi. Zilitungwa kwa ajili ya wahariri, makarani na walimu, watu ambao kompyuta kwao ni chombo cha kumalizia kazi nyingine. Kwetu zimegeuka siri ya wachache, na sababu yake inajulikana. Masomo ya kompyuta ambayo wengi wetu tuliyapata, shuleni au kwenye vyuo vya mitaani, yalianza na fasili ya kompyuta, yakaenda kwenye orodha ya vifaa vya kuingizia na vya kutolea taarifa, na mtihani ukatoka humo. Mwanafunzi anaweza kutaja vizazi vya kompyuta tangu enzi za mirija ya utupu na bado asijue namna ya kuurudisha ukurasa wa intaneti alioufunga bila kukusudia. (Ni Ctrl, Shift na T kwa pamoja.) Hilo linaniuma, kwa sababu mtumiaji wa nyumbani hapa kwetu ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kuokoa dakika. Umeme una saa zake, bando lina mwisho wake, na kompyuta yenyewe mara nyingi ni moja kwa nyumba nzima.

Tuanze na kubandika. Watu wengi wanajua Ctrl na C, kisha Ctrl na V, lakini wanaamini kompyuta inakumbuka kitu kimoja tu, cha mwisho kunakiliwa. Tangu Oktoba 2018, Windows 10, na baadaye Windows 11, zinaweza kukumbuka vitu hadi 25. Bonyeza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na V. Mara ya kwanza kompyuta itakuomba ruhusa ya kuanza kutunza kumbukumbu hiyo, ikubalie. Kuanzia hapo utanakili jina, namba ya simu, anwani na aya nzima kwa mfululizo, kisha uende kwenye waraka wa pili na kuchagua kila kimoja kwa zamu yake. Mwalimu anayehamisha majina na alama kutoka barua pepe kwenda kwenye jedwali hatapanda na kushuka tena kati ya madirisha mawili. Angalizo moja: nywila ukiinakili nayo hubaki kwenye orodha hiyo, kwa hiyo kwenye kompyuta ya watu wengi ifute ukimaliza.

Ndugu yake ni Ctrl, Shift na V. Kwenye vivinjari na programu nyingi hubandika maneno matupu, bila rangi, bila ukubwa wa ajabu, bila lile jedwali lililojificha lililokuja nayo kutoka kwenye tovuti. Yeyote aliyewahi kuandika barua ya maombi ya kazi kwa kuchota sehemu kutoka barua tatu za zamani, ikatoka na maandishi ya sura tatu tofauti, atauona umuhimu wake mara moja.

Sasa nenda kwenye steshenari yoyote iliyo jirani na chuo kikuu wakati wa kukusanya ripoti za utafiti. Utawakuta vijana wamejipanga, kila mmoja na flashi yake, na ndani ya flashi kuna ripoti ambayo yaliyomo yake yameandikwa kwa mkono: kichwa cha habari, safu ndefu ya nukta, kisha namba ya ukurasa. Msimamizi akiagiza aya moja iongezwe kwenye sura ya pili, kurasa zote zinasogea na yaliyomo yote yanakuwa uongo. Kijana analipa tena ili nukta zipangwe upya. Katika kazi zote za kompyuta tunazozifanya kwa taabu isiyo na sababu, hii ndiyo ninayotamani ikome kwanza.

Dawa yake iko ndani ya Word na imekuwamo kwa miaka mingi. Weka kishale kwenye kichwa cha sura, bonyeza Ctrl, Alt na 1. Kwa kichwa kidogo kilicho chini yake, Ctrl, Alt na 2. Kinachofuata chini ya hicho, 3. Maandishi yatabadilika sura na huenda usiipende, lakini sura hiyo unaweza kuibadilisha mara moja na vichwa vyote vikafuata. Muhimu ni kwamba sasa programu inajua kipi ni kichwa na kipi ni maelezo. Nenda kwenye sehemu ya marejeo juu ya ukurasa, chagua jedwali la yaliyomo, nalo litajiandika lenyewe pamoja na namba za kurasa. Ukiongeza aya, libofye na kuliagiza lijisahihishe. Programu ya LibreOffice Writer hufanya kazi hiyohiyo bure.

Pale pale kuna tabia nyingine ya kuacha: kubonyeza Enter mara ishirini ili sura mpya ianze ukurasa mpya. Ctrl na Enter hufanya hivyo mara moja, na sura itaendelea kuanza ukurasa mpya hata ukiongeza maneno juu yake. Na kama umeandika aya nzima kwa herufi kubwa kwa sababu kitufe cha Caps Lock kilikuwa kimewashwa, usiifute. Ichague, kisha bonyeza Shift na F3. Kila ukibonyeza, maandishi yatazunguka kati ya herufi ndogo, herufi kubwa na herufi kubwa ya mwanzo.

Lipo jambo la Word ambalo makatibu wa vikundi, wazee wa kanisa na viongozi wa vyama vya ushirika wangelifurahia kuliko wote. Kwenye mipangilio ya usahihishaji wa papo kwa papo, ile ambayo hugeuza makosa ya kawaida ya Kiingereza bila kukuuliza, unaweza kuongeza maneno yako mwenyewe. Unaiambia programu kwamba ukiandika "jmt", iweke Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Ukiandika "yhk", iweke YAH: KIKAO CHA KAMATI TENDAJI. Mtu anayeandika mihtasari ya vikao kila wiki ana maneno yake hamsini hivi yanayojirudia. Akiyapa vifupisho mara moja, mkono wake utapumzika kwa miaka. Chagua tu vifupisho ambavyo si maneno halisi, maana ukitumia "na" utaharibu kila sentensi.

Umeme nao. Mwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri anaujua ule wakati taa inapokatika na aya tatu zikaenda nayo. Word ina utaratibu wa kujiwekea nakala ya dharura, lakini umepangwa kufanya hivyo kila baada ya dakika 10. Kwa nchi ambako umeme haukatiki, dakika 10 zinatosha. Kwetu ni nyingi mno. Fungua chaguo za Word, sehemu ya kuhifadhi, ubadilishe 10 iwe 1 au 2. Kompyuta haitaelemewa. LibreOffice ina mpangilio kama huo kwenye chaguo zake. Hata hivyo nakala hiyo ni ya dharura tu, na programu inaweza isiipate baada ya kuzimika vibaya, kwa hiyo Ctrl na S inabaki kuwa mwendo wa mkono unaopaswa kuja kila unapoweka nukta mwisho wa aya. Ukiweza kupata UPS ndogo, ile inayokupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu, inunue kabla ya kununua programu yoyote.

Nije kwenye michango ya harusi, kwa maana hapo ndipo jedwali la kompyuta linapokutana na maisha yetu. Tunavyofanya sasa inafahamika: orodha ndefu kwenye kundi la WhatsApp, kila mtu anainakili, anaongeza jina lake na ahadi yake chini, anairudisha. Watu wawili wakiongeza kwa wakati mmoja, mmoja anapotea. Mweka hazina anajumlisha kwa kikokotoo cha simu usiku wa manane kabla ya kikao.

Fungua Excel, au Calc ya LibreOffice ambayo hailipiwi. Safu nne zinatosha: jina, ahadi, alicholipa, baki. Kwenye mstari wa kwanza wa baki andika =B2-C2, kisha bofya mara mbili kile kijiraba kilicho kwenye kona ya chini ya kisanduku; hesabu itashuka yenyewe hadi jina la mwisho. Ukiwa Excel, simama chini ya safu ya malipo, bonyeza Alt pamoja na alama ya sawasawa, na jumla itatokea. Ctrl, Shift na L huweka vichujio juu ya safu, ili kamati ikiuliza nani bado, uwaonyeshe wenye baki tu na kuwaficha wengine. Ukiongeza safu ya namba za simu, utashangaa sifuri ya mwanzo ikitoweka: 0712 inakuwa 712, kwa sababu programu inadhani ni hesabu. Kabla ya kuandika, ichague safu nzima na kuipa muundo wa maandishi, na sifuri zako zitakaa.

Orodha hiyohiyo ndiyo itakayoandika kadi. Word ina kazi ya kuunganisha waraka na orodha, iliyo kwenye sehemu ya barua juu ya ukurasa. Unaandika kadi moja, unaacha nafasi mahali pa jina, unaielekeza kwenye faili la Excel, na kadi mia tatu zinatoka kila moja na jina lake. Walimu wanaweza kuitumia kwa ripoti za wanafunzi, na vikundi vya kuweka na kukopa kwa taarifa za kila mwanachama. Mara ya kwanza itakuchukua muda kuielewa, na ningekushauri uijaribu kwa majina matano kabla ya kuipa orodha nzima. Mara ya pili utaifanya chai ikiwa bado haijapoa.

Maombi ya kazi, ya vyuo na ya mikopo ya wanafunzi siku hizi yanapita mtandaoni, na mifumo hiyo hutaka vyeti viwe katika PDF, visizidi ukubwa fulani. Hapa watu huingia kwenye hatari bila kujua. Wanatafuta tovuti ya kubadili picha kuwa PDF, wanapandisha cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa na vyeti vya shule kwenye mitambo ya watu wasiowajua, au wanaviacha kwenye kompyuta ya steshenari ambayo kila mteja anaikalia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya mwaka 2019, na ni sheria nzuri. Lakini picha ya kitambulisho ikishasambaa, sheria haiwezi kuirudisha.

Kazi yote hiyo inaweza kufanyika nyumbani, tena bila intaneti. Windows 10 na 11 zina printa ya kufikirika iitwayo Microsoft Print to PDF: chochote unachoweza kukichapa, unaweza kukigeuza PDF kwa kuichagua hiyo badala ya printa halisi. Kwa vyeti ulivyovipiga picha kwa simu, viweke kwenye folda moja, vipe majina 1, 2, 3 kwa mpangilio unaoutaka, vichague vyote, bofya kulia juu ya picha ya kwanza na uagize kuchapa. Kwenye Windows 11 huenda ukahitaji kufungua kwanza orodha ndefu ya chaguo. Picha zote zitaingia kwenye faili moja. Kuunganisha PDF ambazo tayari zipo, au kuzigawa, kuna PDFsam Basic, ambayo ni ya bure na inafanya kazi ndani ya kompyuta yako. Na faili likizidi ukubwa unaotakiwa, lifungue kwa LibreOffice Draw, agiza litolewe tena kama PDF, na kwenye dirisha litakalotokea punguza ubora wa picha. Angalia kama maandishi bado yanasomeka kabla ya kulituma.

Matangazo ya kazi, kwa upande wake, hutufikia kama picha kwenye WhatsApp, na anwani iliyomo haiwezi kunakiliwa. Kitufe cha Windows, Shift na S hukuruhusu kukata sehemu ya skrini unayoitaka tu. Kwenye Windows 11, programu hiyohiyo ya kukatia skrini inaweza pia kusoma maandishi yaliyomo kwenye picha na kukupa uyabandike popote. Anwani ya barua pepe yenye herufi thelathini haitaandikwa tena kwa kukodolea macho.

Kuhusu flashi nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona watu wakilia. Mtu anatoka steshenari, anachomeka flashi nyumbani, anakuta folda zake zote zimegeuka vialama vyenye mshale mdogo pembeni. Anakibofya kimoja, folda inafunguka, au haifunguki. Anaambiwa na jirani kwamba flashi imekufa, aifomati. Anaifomati, na miaka miwili ya picha inapotea.

Mara nyingi faili hazikuwa zimekwenda popote. Kirusi cha aina hii hufanya mambo mawili: huzipa faili zako alama ya kufichwa na ya mfumo ili zisionekane, kisha hutengeneza njia za mkato bandia zenye majina yaleyale. Ukibofya njia bandia, kirusi kinaamka kwanza na kuingia kwenye kompyuta yako, ndipo folda inafunguka ili usishtuke. Zamani flashi ziliweza kujiendesha zenyewe zikichomekwa. Microsoft ilizuia hilo kwenye Windows 7, na Februari 2011 ikasambaza zuio hilo kwa matoleo ya nyuma. Tangu hapo kirusi kinahitaji kidole chako. Usikipe.

Chomeka flashi bila kubofya chochote ndani yake. Iagize Windows Security, iliyomo tayari kwenye kompyuta yako, iichunguze. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 mfumo huo unakuja na kinga kamili ya virusi, na mtumiaji wa nyumbani anayeiacha iwake na kuisasisha halazimiki kununua nyingine. Uchunguzi ukiisha, andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, fungua dirisha jeusi litakalotokea, na kama flashi yako imepewa herufi E, andika hivi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter na usubiri. Amri hiyo inaziondolea faili zote alama za kufichwa, na folda zako zitarudi kuonekana. Nakili faili zako kwenye kompyuta, futa zile njia bandia, na sasa unaweza kuifomati flashi kwa amani. Iandike amri hiyo kwenye daftari, maana siku utakayoihitaji huenda usiwe na intaneti.

Intaneti yenyewe tunainunua kwa kipimo. Unawasha mtandao wa simu ili utume barua pepe moja, na baada ya dakika kumi ujumbe unakuja kwamba bando limekwisha. Kilicholimaliza mara nyingi ni Windows inayoshusha masasisho yake kimyakimya, ikiamini iko kwenye nyumba yenye intaneti isiyo na mwisho. Kuna swichi ya kuizuia. Ukiwa umeunganishwa na simu yako, fungua mipangilio ya mtandao huo wa Wi-Fi na uwashe palipoandikwa "Metered connection". Windows itajua kwamba mtandao huu unalipiwa na itayaahirisha mengi ya masasisho makubwa. Kila mtandao una swichi yake, kwa hiyo simu ya mwenzi wako nayo utaiwashia. Lakini usiyakimbie masasisho moja kwa moja, kwa sababu ndiyo yanayoziba mianya ya wezi. Ukipata mtandao wa ofisini unaoruhusiwa kuutumia, au bando la usiku, yaache yashuke.

Matangazo kwenye tovuti nayo hula bando, hasa yale ya video yanayojiwasha. Programu ya ziada ya kivinjari iitwayo uBlock Origin, kazi ya Raymond Hill ambayo haijawahi kulipisha mtu, huyazuia kabla hayajashuka. Kwenye kivinjari cha Firefox inafanya kazi kwa ukamilifu; Chrome sasa inakubali toleo lake jepesi tu. Vyombo vya habari unavyovipenda vinaishi kwa matangazo, na unaweza kuviruhusu kimoja kimoja.

Kwa kutafuta faili lililopotea ndani ya kompyuta, pakua programu ndogo iitwayo Everything. Andika sehemu ya jina na faili litatokea kabla hujamaliza kuandika. Kwa video inayokataa kufunguka, VLC, iliyoanza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris. Kwa nywila, KeePassXC, ambayo huzifunga zote kwenye faili moja lenye ufunguo mmoja, bila kuzipeleka mtandaoni. Kompyuta ikiganda, Ctrl, Shift na Esc hufungua orodha ya programu zinazoendelea ili uifunge iliyokwama peke yake. Na ukiinuka kwenye kiti, kitufe cha Windows na L hufunga skrini.

Lugha yetu haiko nje ya mambo haya. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, ofisi kamili ya kompyuta iliyozungumza Kiswahili. Mradi wa OpenOffice ndio uliozaa LibreOffice mwaka 2010, na ndani ya LibreOffice kuna kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Chagua maandishi yako, yatambulishe kuwa ni Kiswahili, na ile mistari myekundu chini ya kila neno itapungua. Itakayobaki itakuonyesha makosa ya kweli pamoja na maneno ambayo kamusi bado haiyajui. Ninaona fahari kila ninapoitumia. Tena, tangu Agosti 2017 Google inaweza kusikiliza Kiswahili na kukiandika. Mzee anayetaka kuandika historia ya ukoo lakini vidole havimtii afungue waraka wa Google Docs kwenye simu, aguse alama ya kipaza sauti kwenye kibodi ya Gboard, aseme. Maneno yatatokea pia kwenye kompyuta ya mjukuu aliyefungua waraka huo, ambaye ataweka nukta na mikato.

Limebaki suala la mashine zenyewe. Kompyuta nyingi za majumbani mwetu zilinunuliwa zikiwa zimeshatumika, Kariakoo au Luthuli Avenue, zile ambazo Wakenya huziita ex-UK. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa watumiaji wa nyumbani Microsoft imeweka muda wa nyongeza wa masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026 kwa wanaojiandikisha. Windows 11 inadai kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda mbele kwa sehemu kubwa. Mashine ya mwaka 2014 yenye afya njema haina nafasi humo.

Usiitupe, wala usikubali kuuziwa Windows 11 iliyolazimishwa kwa ujanja wa kupita masharti. Jaribu mfumo mwingine, Linux Mint. Ni bure, inatosheka na RAM ya GB 2 ingawa 4 ni bora, na sura yake haitamchanganya aliyezoea Windows. Firefox, VLC na LibreOffice zote zimo au zinapatikana ndani yake. Programu ya uhasibu au ya kazini iliyotengenezwa kwa Windows pekee inaweza kukwama, na hilo lijue mapema. Uzuri ni kwamba huhitaji kusakinisha chochote ili kuionja: shusha faili lake, liandike kwenye flashi tupu ya GB 4 au zaidi kwa kutumia programu iitwayo Rufus, washa kompyuta kutokea kwenye flashi hiyo, na Mint itafanya kazi bila kuigusa diski yako. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera na printa. Vikikubali vyote, nakili picha na nyaraka zako kwenye diski ya nje, zifungue kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha ziko salama, kisha usakinishe.